Dundu Weusi wa Shamba la Mahindi

Mama mmoja wa Baraka alikuwa na shamba la mahindi karibu na mto Mutambala. Mvua zilianza mwezi wa tisa, na mwezi wa kumi mahindi yalikuwa yamefika magotini. Siku moja asubuhi aliona mashina mengi yameinama. Jani la katikati lilikuwa limenyauka, naye alipolivuta likatoka lenyewe mkononi. Akachimba kidogo kwa jembe kando ya shina. Kumbe, chini ya udongo shina lilikuwa limetafunwa, nyuzi zake zinaning'inia kama kamba iliyokatwa kwa kisu kibutu. Hapo hapo akamkuta dundu mweusi.

Mama akarudi nyumbani na uchungu. Mihogo yake ilikuwa bado michanga, na mahindi yale ndiyo yaliyokuwa chakula cha watoto watano. Akawaita, akasema: "Chukueni mkebe. Kila dundu mweusi mtakayemwona shambani, mkamateni. Asibaki hata mmoja."

Watoto wakafanya kazi mchana kutwa. Walichimba penye mashina, wakapindua mawe na mabonge ya udongo, wakainua majani makavu. Jua lilipokuchwa mkebe ulikuwa ukichakarika kama mvua juu ya bati. Mama akaweka maji motoni apate kuwamwagia. Lakini binti yake mkubwa, aliyesoma darasa la tano, alikuwa ameangalia jambo moja. Akasema: "Mama, hawa si wa namna moja. Wengine wanakimbia kama panya, wengine wanatambaa kama wazee. Niruhusu niwaonyeshe Mwalimu kwanza."

Mama akajibu: "Weusi ni weusi. Haya, wapeleke, lakini wakirudi ni kufa tu."

Kesho yake Mwalimu akamimina mkebe ndani ya beseni jeupe, maana ukingo wa beseni unateleza na mdudu hawezi kupanda. Wanafunzi wakahesabu: wote 31. Mwalimu akawauliza: "Katika hawa 31, adui wangapi na rafiki wangapi?" Darasa lote likanyamaza.

Mwalimu akaanza na lile lililo rahisi. Mmoja katika beseni alikuwa na miguu minane. Huyo ni buibui, akatolewa. Mdudu ana miguu sita, na mwili wake una sehemu tatu: kichwa, kifua na tumbo. Mwingine alikuwa bapa, mabawa yake laini kama ngozi, bawa moja limelala juu ya jingine. Huyo ni mende wa nyumbani, naye akatolewa. Watu wengi humwita kila mdudu mweusi mende, lakini hilo ni kosa. Tazameni mgongo wa dundu: ana mabawa mawili magumu kama ganda, nayo yanakutana katikati kwa mstari ulionyooka, kama milango miwili ya kabati. Chini ya milango hiyo yamekunjwa mabawa mengine membamba ya kurukia. Wadudu wote wenye milango ya namna hiyo huitwa mbawakawa, nao ni taifa kubwa kuliko mataifa yote ya wanyama: wataalamu wamekwisha kuandika namna zaidi ya 350,000.

Wakabaki 29, wote mbawakawa, wote weusi. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza.

Mwalimu akasema: "Msitazame rangi. Rangi ni kama shati. Tazameni vipapasio." Akawapa kioo cha kukuzia, wakapokezana. Dundu wengine walikuwa na vipapasio vifupi, na ncha yake imefanywa kwa vibamba vidogo vinavyofunguka kama vidole vya mkono. Hao walikuwa 10. Wengine walikuwa na vipapasio virefu na vyembamba kama uzi, kila kimoja kina vipingili 11. Hao walikuwa 19.

Kupambanua wadudu ni kama kusafiri. Mtu akitoka Baraka hufika penye njia panda: akishika njia ya kaskazini ataona Uvira, akipanda milima ataona Fizi. Kila mahali panapo njia panda hujiuliza swali moja tu, kisha huenda mpaka njia panda nyingine. Wataalamu nao hufanya vivyo hivyo. Vipapasio vina vibamba? Shika njia hii. Havina? Shika ile.

Basi wale 10 walitazamwa mwili mzima. Walikuwa wanene, wamevimba kama punje ya kunde. Miguu yao ya mbele mipana, ina meno kama ya reki, nayo ni ya kuchimbia. Vichwa vyao vimeingia kifuani, wala mataya hayaonekani sana. Wataalamu huita jamaa yao Heteronychus kwa jina la kitaalamu. Huyu ndiye anayeshuka udongoni akatafuna shina la hindi changa, hata moyo wake unanyauka. Mama hakukosea: adui yumo.

Lakini wale 19? Mvulana mmoja mwenye haraka akamchukua mmoja wao akamtupa katika fungu la adui. Akasema: "Tazama, Mwalimu, huyu naye ana miguu ya kuchimba!" Kweli, miguu yake ya mbele ilikuwa mipana na yenye meno. Mwalimu akamrudisha polepole. Akasema: "Tazama tena. Kipapasio chake kina vibamba? Hakina. Mataya yake yakoje?" Mataya yalikuwa marefu, yameelekea mbele kama koleo ya mhunzi. Tena kati ya kifua na mabawa alikuwa na kiuno chembamba, kama aliyefungwa mshipi. Dundu huyu huchimba tundu apate kukaa ndani na kuvizia wadudu wengine; hachimbi kwa ajili ya mahindi. Jembe moja laweza kulima shamba, laweza pia kuchimba mtego. Ndiyo maana mtu hasemi jina la mdudu kwa alama moja peke yake. Hutaka alama tatu au nne zinazopatana.

Kisha yule binti aliyeleta mkebe akaona jambo jingine. Katika wale 19, wawili walitembea kwa uvivu, wala hawakukimbia walipoguswa. Vipapasio vyao vilikuwa vya uzi kweli, lakini kama shanga zilizotungwa. Mwalimu akafurahi sana. Akamwambia ahesabu vipingili vya wayo. Kazi hiyo inataka macho mazuri na subira. Binti akahesabu: mguu wa mbele vipingili 5, mguu wa katikati 5, mguu wa nyuma 4. Akarudia, ikawa 4 tena. Basi hao wawili si wa jamaa ya wale 17. Wale 17 wote walikuwa na 5, 5 na 5. Wale wawili ni wa jamaa ya dundu wanaokula majani makavu na vitu vilivyooza. Ndugu zao wengine hukaa ndani ya unga wa zamani, na mama wengi wanawajua.

Wakabaki 17. Hao ndio dundu wa ardhi, nao kwa jina la kitaalamu huitwa Carabidae. Duniani pote wamekwisha kuandikwa zaidi ya namna 40,000. Mwalimu akamchukua mmoja mkubwa, akamlaza chali juu ya karatasi. Penye tumbo, chini ya miguu ya nyuma, iko alama ambayo haidanganyi. Sehemu ya juu ya miguu ya nyuma ni pana, imeshikamana na mwili, nayo imelikata bamba la kwanza la tumbo hata likawa vipande viwili, kimoja kuume na kimoja kushoto. Tena mwanzoni mwa paja la nyuma kuna kipande cha mviringo kinachojitokeza kama punje ya haragwe. Mbawakawa wa maji wanaoogelea vidimbwini wana bamba lililokatwa vivyo hivyo, kwa kuwa ni binamu zao. Lakini miguu ya nyuma ya hao ni bapa, yenye nywele, kama makasia. Wa ardhi ana miguu ya mbio.

Alama ndogo iliyowapendeza watoto kuliko zote ilikuwa katika mguu wa mbele. Upande wa ndani wa muundi kuna pengo dogo lenye nywele ngumu. Hicho ni kitana. Dundu hupitisha kipapasio chake ndani ya pengo hilo, akakivuta, vumbi likatoka. Mmoja alifanya hivyo mbele ya darasa zima, kipapasio cha kuume kisha cha kushoto, kama mtu anayejitengeneza kabla ya kwenda sokoni. Yeye huwinda usiku, na vipapasio ndivyo vinavyomwonyesha njia na windo lake. Vikichafuka, atalala njaa.

Wakati huo mvulana mwenye haraka alikuwa ameona dundu mmoja mzuri katika wale 17, mwenye kichwa cha manjano na madoa ya manjano juu ya mabawa meusi. Mabawa yake yalikuwa kama yamekatwa kwa mkasi, hata ncha ya tumbo ikaonekana nje. Akamshika kwa vidole. "Pu!" Moshi mdogo ukatoka. Mvulana akapiga kelele akamwacha. Vidole vyake viliwaka kama vimeguswa na maji ya moto, na baadaye vikawa na doa la hudhurungi ambalo sabuni haikulitoa kwa siku kadhaa.

Hakuonewa, maji yale ni ya moto kweli. Ndani ya tumbo la dundu huyo mna vyumba viwili kila upande. Chumba cha kwanza kinaweka dawa mbili zilizochanganyika ambazo zikiwa peke yake zinatulia. Chumba cha pili kina ukuta mgumu na dawa nyingine ya kuziamsha. Dundu akiudhiwa hufungua mlango wa katikati. Dawa zinakutana, zinachemka na kulipuka, na maji yanaruka nje. Mwaka 1969 wataalamu wa Marekani, Daniel Aneshansley na Thomas Eisner pamoja na wenzao, walipima joto lake katika dundu wa nchi yao: likafika karibu digrii 100, ndilo joto la maji yanayochemka chunguni. Baadaye waliwachunguza dundu wa namna hiyo waliotoka Kenya. Mwaka 1999 walionyesha kwa picha jinsi dundu huyo anavyogeuza ncha ya tumbo na kulenga popote, hata juu ya mgongo wake mwenyewe. Siafu akimuuma mguu wa kushoto, mguu huo huo ndio unaolindwa.

Kwa hiyo mwenye kutafuta dundu asiwashike kwa vidole ovyo, wala asiweke macho yake karibu nao. Atumie kijiti na kikombe. Katika nchi kavu za Afrika, kama katika nyika za Kenya na Tanzania, wako dundu wa ardhi wakubwa kama kidole gumba, weusi wenye madoa meupe, wanaorusha maji makali ya asidi. Maji hayo yakiingia machoni huumiza sana.

Dundu wa ardhi wa pwani ya ziwa ni wengine tena. Mtoto akitembea juu ya mchanga wa Baraka wakati wa jua, penye mitumbwi na ndakala zilizoanikwa, huona mdudu mdogo anayekimbia mbele yake, akaruka kidogo, akatua, akageuka kumtazama. Macho yake ni makubwa na yamevimba. Mataya yake marefu yanapishana kama visu viwili. Hukimbia upesi hata macho yake hayawezi kufuata windo. Ndiyo sababu hukimbia, husimama, hutazama, hukimbia tena. Wataalamu walibishana muda mrefu kama huyu awekwe katika jamaa ya dundu wa ardhi au awe na jamaa yake mwenyewe.

Mtu aliyewapa dundu wa ardhi jamaa yao alikuwa padri Mfaransa, jina lake Pierre André Latreille. Alizaliwa mwaka 1762, akapewa upadri mwaka 1786. Wakati wa mapinduzi ya Ufaransa mapadri walilazimishwa kula kiapo cha serikali. Padri Latreille hakula kiapo hicho, akafungwa gerezani, na kifo kilikuwa karibu. Mganga wa gereza alipopita kuwaangalia wafungwa katika mji wa Bordeaux, alimkuta padri akimchunguza dundu mdogo sakafuni. Mganga akastaajabu: mtu anayengoja kufa anatazama dundu! Padri akamweleza kuwa mdudu yule ni wa namna isiyoonekana mara nyingi, akamwambia na jina lake, Necrobia ruficollis. Mganga akampeleka mdudu yule kwa kijana wa miaka 15, Bory de Saint-Vincent, aliyependa wadudu. Kijana alikuwa amekwisha kusikia habari za kazi ya Latreille. Akahangaika mpaka padri akafunguliwa, pamoja na mwenzake mmoja. Wafungwa wengine waliobaki walikufa wote kabla ya mwezi kwisha.

Mwaka 1796 Latreille alichapisha kitabu cha kupanga wadudu kwa jamaa zao, kufuata viungo vya mwili, na mwaka 1802 akaiandika jamaa ya dundu wa ardhi. Na yule dundu wa gerezani? Yeye si wa ardhi. Ni wa jamaa inayokaa penye mifupa na nyama kavu. Ndugu yake mwenye miguu myekundu anajulikana sana na wafanya biashara wa samaki wakavu wa Afrika, kwa kuwa huwatoboa samaki ndani ya magunia.

Katika Kivu pia watu walifanya kazi hiyo. Mwaka 1947 iliundwa taasisi ya utafiti iliyoitwa IRSAC, ikawa na makao Lwiro, na kituo kingine Uvira. Narcisse Leleup alitembea katika misitu ya milima ya Kivu akichekecha udongo na majani yaliyooza, akitafuta wadudu wadogo. Pierre Basilewsky, aliyefanya kazi katika jumba la makumbusho la Tervuren huko Ubelgiji, alitumia miaka mingi kupambanua dundu wa ardhi wa Afrika. Katika milima mirefu kama Itombwe, iliyo juu ya Fizi, dundu wengi wa ardhi hawana mabawa ya kurukia. Milango ya mgongo ipo, lakini ukiifungua ndani ni tupu. Asiyeruka hawezi kuvuka bonde la joto kwenda mlima wa pili. Hivyo mlima mmoja huwa na dundu wake, na mlima wa jirani wake mwingine, wanaofanana kama ndugu bila kuwa namna moja.

Turudi kwenye beseni. Binti akauliza: "Mwalimu, nitamwambia mama nini? Hatasadiki habari za vipingili." Mwalimu akajibu: "Basi asitusadiki sisi. Amwulize dundu mwenyewe."

Wakachukua chupa mbili zenye udongo wenye unyevu. Katika chupa ya kwanza wakatia dundu mmoja wa ardhi na kiwavi wa mahindi. Kiwavi huyo ni mgeni kutoka Amerika. Alionekana Afrika mara ya kwanza mwaka 2016, kisha akafika Kongo na nchi za jirani. Katika chupa ya pili wakatia dundu mnene na kipande cha shina la hindi. Binti akabeba chupa zote mbili na mkebe, akaziweka usiku kucha chini ya kitanda cha mama yake.

Asubuhi mama akatazama. Katika chupa ya pili shina limetafunwa upande mmoja, nyuzi zinaning'inia, sawasawa na kule shambani. Katika chupa ya kwanza kiwavi hayupo. Palibaki kichwa chake na kipande cha ngozi kilichokauka, na dundu amejichimbia pembeni, tumbo limejaa. Dundu wengi wa ardhi hutema maji ya tumboni juu ya nyama, nyama ikalainika, kisha huinywa kama mchuzi. Na kiwavi wa mahindi, akitaka kugeuka nondo, sharti ashuke udongoni; huko ndiko anakokutana na mwenye mataya.

Mama akanyamaza kidogo. Kisha akauliza: "Jana ni wangapi wa namna hii tuliowakamata?"

"Kumi na saba, mama."

"Na juzi, kabla hujaniambia, niliua wangapi mwenyewe?" Binti hakujua la kujibu, kwa maana mama peke yake ndiye aliyejua.

Jioni ile walikwenda shambani pamoja. Dundu wanene 10 walitiwa katika maji ya moto kama mama alivyosema, na watoto wakaendelea kuwatafuta wengine kwa mkono, shina kwa shina, kwa sababu dundu wa ardhi hawawezi kuwamaliza adui wote, wala shamba haliponi kwa siku moja. Wale 17 waliachwa penye ukingo wa shamba, mahali pa majani makavu na mawe, ambapo mama aliagiza pasifyekwe wala pasichomwe moto mpaka mavuno. Wa manjano alitolewa mwisho, kwa kijiti.

Maulizo

Dundu mwenye miguu ya mbele mipana yenye meno amepatikana shambani kwenu. Utajuaje kama ni adui wa mahindi au ni mwindaji? Taja alama tatu.

Kwa nini binti alihesabu vipingili vya mguu wa nyuma mara mbili?

Kazi: Tafuta dundu wawili weusi chini ya mawe karibu na shule. Usiwashike kwa vidole. Chora kipapasio cha kila mmoja na wayo wake wa nyuma, uandike ulimpata wapi na saa ngapi, kisha warudishe walipokuwa.